Aliyelala Katikati ya Uongo Wangu

Mtu yeyote wa Kitale aliyewahi kuketi barazani kwangu atakwambia kwamba hadithi zangu hazilazi watu. Nilikuwa gadi wa treni ya mizigo, yule anayekaa kwenye behewa la nyuma kabisa na bendera yake, na kule nyuma mtu huona mambo ambayo dereva hayaoni. Nimeona kifaru akisukuma treni ya mbolea mlimani injini ilipoishiwa na nguvu. Nimeona nyuki wakisafiri bila tikiti kutoka Eldoret hadi hapa, na mkaguzi akashindwa kuwatoza. Nilipostaafu nilikuja na hadithi hizo na redio moja, na kati ya hivyo viwili ni redio iliyoharibika.

Kwa hiyo siku ile mzee Khaemba aliponilalia, kifaru akiwa nusu ya mlima, nilikasirika.

Maana hakusinzia tu. Alilala. Kidevu kilishuka kifuani, mkongojo ukamtoka mkononi ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na hakushtuka. Akaanza kukoroma kwa utulivu, kama posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, inayosikika kutoka ng'ambo ya bonde.

Mke wangu Jerono alichungulia kutoka jikoni. "Leo umepata mtu mwenye akili," akasema. "Sasa nyamaza, usimwamshe."

"Hata sijafika pale kifaru anapewa chai."

"Kifaru atangoja. Si amengoja miaka hiyo yote."

Nikanyamaza, jambo ambalo Jerono bado hulisimulia kwa wageni.

Khaemba alikuwa baba mkwe wa jirani yangu, Kipketer. Shamba langu na la Kipketer yametenganishwa na ua wa michongoma. Kipketer ni mkulima mtaratibu, mtu wa maneno machache. Alioa binti wa Kibukusu kutoka upande wa Mabanga, karibu na Bungoma, na tangu wapate kifungua mimba sote tukamwita Mama Jerop. Mwaka wa themanini na saba, wakati wa kupalilia, mama yake Mama Jerop alifariki. Kaka wa pekee wa Mama Jerop alikuwa bandarini Mombasa na familia yake yote. Mzee akabaki peke yake katika ile nyumba ya Mabanga, na binti yake alipoenda kumjulia hali alikuta buibui wamejenga kwenye mafiga. Akafunga nguo za baba yake ndani ya shuka, akampandisha kwenye gari la mahindi, akaja naye Kitale.

Wala hakumpokea kama mzigo. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja chao na kingine cha watoto. Yeye na mumewe walihamia kwa watoto wakawa wanalala chini kwenye godoro. Mzee akapewa chumba chao, na kitanda chao cha mvule, kile alichokinunua Kipketer mwaka ambao mahindi yalifanya vizuri. Juu yake blanketi jipya. Tulimsifu sana huyo mama. Kanisani alitajwa. Mimi mwenyewe nilisema kama ningekuwa na binti wa namna hiyo ningeanza kujifanya mgonjwa mapema.

Lakini mzee alikuwa anaisha.

Alifika na huzuni, na hiyo tulielewa, amezika mke waliyezeeka pamoja. Ila huzuni nyingi nilizozijua mimi zilikuwa kama mvua ya huku kwetu, inakuja alasiri, inapiga mabati, inaondoka. Ya Khaemba ilikuwa inaongezeka. Aliacha kunyoa ndevu. Akaacha kuuliza bei ya mahindi, na mkulima akiacha kuuliza bei ya mahindi jua kuna jambo. Ukimwambia neno lilichukua muda kumfikia, kama simu za zamani za stesheni. Macho yalikuwa mekundu, na kikombe kilicheza mkononi mwake hata kikiwa kitupu.

Majirani wakasema ni uzee. Ati wazee ndivyo walivyo. Walisema hivyo kwa upole, kisha wakaendelea na mambo yao.

Mama Jerop alimpeleka hospitali mjini, na mimi nikaambatana nao kwa sababu siwezi kukaa nyumbani ikiwa kuna jambo mahali pengine. Daktari alikuwa mama mmoja asiyemharakisha mtu. Alisikiliza kifua, akaangalia macho, akabonyeza miguu. Kidole chake kiliacha shimo, kwa vile miguu ilikuwa imevimba.

"Analala?" akauliza.

"Analala, daktari," Mama Jerop akajibu. "Kila asubuhi ni mimi natandika. Naona vile amekilalia kitanda."

"Na wewe mzee, unasemaje? Unalala?"

"Nalala," Khaemba akasema, akiangalia dirisha.

Daktari aliitazama tena ile miguu. Halafu akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika behewa lolote. Alisema watu wengi hudhani mzee hahitaji usingizi, kwamba kukesha ni kawaida ya umri, na si kweli. Mzee akikosa usingizi kwa muda mrefu, huzuni humwingia hata kama hakuwa nayo, na kama alikuwa nayo inazidi kujichimbia. Huzuni nayo inafukuza usingizi. Vinasukumana hivyo, hiki na kile, mpaka mtu anachoka na kuishi kwenyewe. "Huyu namwona kama mtu asiyelala," akasema, "na miguu hii ni ya mtu anayekaa kwenye kiti saa nyingi sana. Angalieni vizuri huko nyumbani. Na mkiona ameacha kula, msingoje. Mrudisheni tumlaze hapa, kwa sababu hapo atakuwa anaenda."

Njiani Mama Jerop alikuwa na uchungu. "Ati halali," akasema. "Nimempa kitanda yangu. Sasa anataka nimpe nini ingine, mgongo?"

Khaemba alikuwa ameketi katikati yetu.

Baada ya hapo nikaombwa niwe namkaribisha mchana, achangamke. Ndipo ikatokea ile ya kifaru. Alilala benchini kwangu mpaka kuku walipoanza kurudi bandani. Siku iliyofuata nikamjaribu na hadithi ya nyuki, akalala kabla hawajapanda treni. Hasira ikanitoka, majivuno yakaingia. Nikamwambia Jerono nimegundua dawa, na kwamba hospitali wakisikia wataniajiri. Nikavuka hadi kwa Kipketer, nikamketisha mzee kwenye kochi lao lenye vitambaa vya kufuma, nikampa hadithi zote mbili mfululizo na nyongeza. Alinitazama macho wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Hapo nikaanza kufikiri, kazi ambayo huwa naifanya polepole. Kwenye benchi langu la mbao, lenye msumari unaochomoza, analala kama gunia. Kwenye kochi laini la mkwe wake halali. Nikayakumbuka maneno ya daktari juu ya kiti.

Kesho yake alipoamka kwangu nilimpa chai, nikamuuliza bila kuzunguka. "Mzee mwenzangu, kule kwa mtoto unalala wapi?"

Alizungusha kikombe. "Wewe Gadi ni mtu wa Tongaren. Wewe unaweza kulala kwa kitanda ya mkwe wako?"

Niliweka kikombe changu chini.

Kwetu sisi Wabukusu mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Atakuja, atakula, atabeba wajukuu, mvua ikimkuta atangoja iishe. Jua likielekea kuzama anaaga. Na kitanda ambacho binti yake analala na mumewe, hata kukikalia ni aibu. Hayo niliyajua tangu nikiwa mdogo, na bado nilikuwa nimesimama na wengine nikikisifu kile kitanda cha mvule. Mama Jerop naye aliyajua. Lakini alikuwa ameokoka, na waliookoka walikuwa wameambiana kwamba mambo hayo yamekwisha. Kwao labda yalikuwa yamekwisha.

"Nakaa kwa kiti," Khaemba akasema. "Ile ya kuwekea nguo. Kukikaribia kucha navuruga blanketi, nafinya mto hapa katikati, ndio mtoto akikuja aone nimelala."

"Tangu ufike?"

"Tangu nifike."

"Si ungemwambia, bana."

"Nimwambie nini? Ametoka kwa kitanda yake na bwana yake, wanalala chini kama wageni ndio mimi nipate. Nimwambie ameniaibisha?" Akanywa kidogo. "Kwa kiti mtu hana kazi, Gadi. Anafikiri tu. Nilikuwa namfikiria mama yao. Mwanzo nilikuwa namwona vizuri, vile alikuwa ananicheka nikikosea njia. Siku hizi naona tu vile alikufa. Hiyo ingine imepotea, hata mchana nikiitafuta siipati." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Sasa mimi nimeamua. Ile uji napewa asubuhi nampa paka. Ugali ya jioni, namwachia mbwa. Mtu akiacha kula haendi mbali."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba kesho atapitia posta.

Nikamwambia arudi Mabanga basi, kwake.

"Kwa ile nyumba? Peke yangu? Si ndio alifia hapo." Akatikisa kichwa. "Na usimwambie mtoto. Ukimwambia nitakataa. Wewe unajulikana Kitale yote. Nani ataamini Gadi?"

Hapo alinipata. Miaka yote nimejenga jina, na siku ninayobeba neno moja la kweli, zito kuliko mbolea yote niliyowahi kuisafirisha, sina mtu wa kulipokea. Jioni hiyo nilisimama uani nikamtazama paka wa Kipketer akijilamba juu ya ukuta. Kweli alikuwa amenenepa.

Jumapili baada ya kanisa Kipketer alitualika kula. Palikuwa na kuku, na mboga za kunde. Mama Jerop alimwekea baba yake kipande kizuri, naye akawa anakihamisha kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule. Nikaona nisipojaribu pale, nitajaribu lini.

"Mnajua ndovu wa Elgon wanaingia mapangoni kulamba chumvi," nikaanza.

"Hiyo angalau ni ukweli," Jerono akasema. "Mungu asaidie."

"Basi zamani nikiwa kazini, kulikuwa na ndovu mmoja mzee, amefiwa na bibi. Binti yake ameolewa pango la upande wa Suam. Binti akasema, baba hawezi kuishi peke yake. Akaenda akamchukua."

"Kumbe ndovu wanaolewa," Mama Jerop akasema, akicheka.

"Wanaolewa, na mahari ni chumvi. Na huyo mkwe alikuwa ndovu mzuri, hana maneno mengi. Akasema mzee apewe ile sehemu ya ndani kabisa, yenye joto, mahali yeye mwenyewe hulala na bibi yake. Yule mzee akaingia, akapaangalia. Akasimama. Akasimama mpaka asubuhi. Kukicha anazipiga nyasi na mkonga, anazitawanya, ndio waone amelala. Siku zote hivyo. Majani wakimletea anawapa nyani."

"Si angewaambia tu?" Jerono akauliza.

"Angewaambia nini, na wamemwachia mahali pao? Ndovu wa Elgon wana heshima. Afadhali aanguke."

"Lakini mzee Gadi, ndovu si hulala wamesimama," Mama Jerop akasema. "Hata Jerop amesomeshwa hiyo shuleni. Leo umeshikwa."

Wakacheka wote, hata watoto waliokuwa mlangoni. Khaemba hakuinua uso. Kipketer naye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilipoyafuata macho yake nikaona anaitazama miguu ya baba mkwe wake, iliyojaa ndani ya viatu visivyofungwa kamba.

Asubuhi Kipketer akaja kwangu na panga. Mtu wa maneno machache akija na panga unamkaribisha upesi.

"Yule ndovu," akasema. "Mwishowe alilala wapi?"

"Hadithi sikumaliza."

"Maliza."

"Kulikuwa na jirani," nikasema, "mwenye nafasi kidogo upande wake. Si kwa mkwe, si kwa binti. Karibu kiasi kwamba chakula hakipoi njiani."

Akaangalia sehemu ile iliyokuwa wazi kati ya stoo yangu ya mahindi na ua. Akaipima kwa macho. "Miti ya kujengea ninayo," akasema. "Hapa kwa michongoma tutakata, tuweke njia."

"Kata."

Hata hajaangusha tawi la tatu Mama Jerop akatokea, unga mikononi. Kelele zilikuwa zimemtoa jikoni, na mumewe akamweleza kwa sentensi mbili. Akanigeukia mimi.

"Mzee Gadi, mimi nimekukosea nini? Baba yangu alale kwa jirani kama mlinzi? Watu wa Bungoma wakisikia watasema nimemfukuza. Kaka yangu je, huko Mombasa, nitamwambia nini?" Kisha kwa Kipketer, "Na wewe, mtu mzima, umeamini hadithi ya ndovu."

"Muulize mwenyewe," Kipketer akasema.

Mzee alikuwa ameshavuka, ameketi kwenye benchi langu. Mama Jerop alimwendea, akasimama mbele yake. "Baba, haya maneno ni ya kweli?"

Nilikumbuka alivyoniambia, kwamba atakataa. Nikamwona akifungua mdomo ili akatae. Lakini uongo, nakwambia mimi ninayeujua, unahitaji mtu aliyelala vizuri. Hakuwa na nguvu ya kuuinua.

"Ni ya kweli, mama," akasema.

"Na ile kitanda naonanga asubuhi?"

"Ni mikono yangu tu."

"Na chakula?"

Mzee aliinamia miguu yake, na binti akaelewa. Alijipangusa unga kwenye leso, akajipangusa tena ingawa ulikuwa umetoka. "Kwa nini hukusema? Si ningekutandikia hata jikoni."

"Jikoni pia ni yako," mzee akasema. "Ulinipa kitu kubwa sana, mama. Kitu kama hiyo mtu anaikataa namna gani?"

Mama Jerop akaketi chini pale pale kwenye vumbi, kando ya ile miguu, akalia bila sauti. Mzee aliweka mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa na kuuacha hapo. Kipketer akarudi kwenye michongoma. Mimi nilitafuta neno la kuchekesha na, kwa mara ya pili mwezi huo, nikanyamaza.

Siku hiyo hiyo walimrudisha hospitali. Daktari akamlaza kwanza, akamtia maji mwilini, akasikiliza habari ya kiti mpaka mwisho bila kuingilia. Alisema nyumba hiyo tuijenge haraka, lakini tusidhani ni yenyewe tu itakayomponya. Itakuwa nusu. Nusu nyingine itataka vidonge, kurudi kwake kliniki, na watu wa kuzungumza naye.

Tukajenga. Kipketer alisimamisha miti, mimi nikatoa mabati makuukuu ya stoo, akina mama wa kanisa wakaja kukandika. Wapo waliokandika huku wakinong'ona kwamba Mama Jerop amechoka na baba yake. Aliwasikia. Akaendelea kurusha udongo ukutani, na uliposhika vizuri akaulainisha kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta.

Kipketer mwenyewe alienda Mabanga kuleta kitanda cha mzee, kile cha kamba. Tulipokishusha niliona kamba zimelegea sehemu mbili, mahali pa watu wawili waliolala miaka mingi. Nikasema tuzikaze. Khaemba, aliyekuwa ametoka hospitali siku hiyo, aligusa upande mmoja, ule wa ukutani.

"Huu msikaze," akasema.

Hapa sitatia chumvi. Hakuamka kijana. Kulikuwa na siku alizokaa kimya tangu chai mpaka chakula cha jioni, na kuna wiki alikataa vidonge, Kipketer akaketi naye tu, wote wawili bila kusema, mpaka akavimeza. Ilikuwa mavuno yamekwisha alipovuka asubuhi moja kuja kwangu, akaniambia amemwona mama yao akimcheka kwa sababu ameshika jembe kinyume. Aliniambia hilo mara mbili, kuhakikisha nimelisikia. Na siku moja, bila mtu kumgusia, akauliza gunia la mahindi limefika bei gani.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ya kwanza. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya stoo, na mlango wa nyumba ile ndogo ulikuwa bado umefungwa. Mama Jerop alikuja kupitia pengo la michongoma na bakuli la uji, akasimama njiani.

"Hajafungua," akaniambia.

"Naona."

"Hajawahi kuchelewa hivi."

Wote wawili tulifikiria neno moja na hakuna aliyelitamka. Alisogea akaweka sikio kwenye ukuta, udongo bado una unyevu. Nikamtazama uso. Hata mimi, nikisimama pale nilipokuwa, nikaanza kusikia ile posho mill ya ng'ambo ya bonde, ikisaga taratibu, bila haraka yoyote.

"Uji unapoa," nikamwambia.

"Acha upoe," akasema. Akaketi kwenye gogo kando ya mlango, bakuli magotini, akangoja.